Kusi Ikishika, Darasa Lifunguliwe

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, mwenye mashua ndogo kati ya Kismayo na Ras Kiamboni hana haja ya kutazama kalenda. Kusi imeshika, mawimbi yanavunjika mwambani usiku kucha, na vyombo vimepandishwa pwani vikaegemezwa magogo. Wasomali wa bandarini wana jina la majira hayo, badxiran, bahari iliyofungwa. Anayethubutu hutoka alfajiri, akavua ndani ya mwamba, akarudi kabla ya adhuhuri. Waliobaki wapo nchi kavu kwa miezi: manahodha, mafundi, vijana wa nyavu, wazee, pamoja na wanawake ambao kazi yao haijapata kufungwa na upepo wowote.

Nina pendekezo kuhusu miezi hiyo. Kismayo iwe na kituo cha sanaa cha watu wote, chenye mihula inayofuata pepo, na muhula mkubwa uwe wa kusi. Pafundishwe ususi, uundaji wa vyombo, nakshi, khati, ushairi na ngoma, na kwa vijana wanaotaka, kuchora na kupiga picha. Mtoto wa miaka saba na bibi wa miaka sabini waketi jamvi moja. Wazo lenyewe si geni. Pwani ya Wabajuni ilikuwa ikisomesha namna hiyo muda mrefu, ila haikuweka kibao mlangoni wala haikuwa na mtu wa kuandika ripoti.

Najua orodha ya mambo yanayotangulia. Mji unapojengwa upya huanza na bandari, uwanja wa ndege, barabara, hospitali na kituo cha polisi, na sina ugomvi na hata kimoja. Ugomvi wangu ni pale sanaa inapobahatika kutajwa, ikaingizwa chini ya “ajira kwa vijana”, ikageuka mafunzo ya wiki sita yenye fulana, bango na cheti. Tarehe zake hupangwa na mwaka wa fedha wa mfadhili aliye mbali. Mafunzo ya aina hiyo yakiangukia kaskazi, wakati bahari iko wazi na kila mwenye nguvu yuko majini akitafuta riziki ya mwaka mzima, ukumbi utajaa watu waliofuata posho. Halafu itaandikwa kwamba jamii haina mwamko.

Visiwa ninavyovisema vimepangana kusini ya Kismayo kuelekea mpaka wa Kenya: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo vidogo. Ni visiwa vya matumbawe na maji haba, na juu yake yapo magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya karne zilizopita. Wenyewe ni Wabajuni, Watikuu kwa jina jingine, ndugu wa Faza, Kizingitini na Kiunga. Mpaka uliwekwa na wengine. Jubaland, yaani eneo la Kismayo na visiwa hivi, ilikuwa mikononi mwa Waingereza hadi mwaka 1925 ilipokabidhiwa Waitaliano, na mtu wa Chovai akajikuta ni wa serikali moja huku binamu yake wa Faza akiwa wa nyingine. Mwitaliano Vinigi Grottanelli alipoandika kitabu juu yao, kikachapishwa Roma mwaka 1955, alikipa jina la wavuvi wa Bahari ya Hindi. Ni jina la haki, lakini lina upungufu wake, kwa sababu mvuvi huyo huyo alikuwa msusi, mshairi na fundi, na mara nyingi mkulima pia, mwenye shamba lake bara.

Vita vya 1991 viliwatawanya. Wengi walivuka kuja Kenya, wakakaa kambini Jomvu, Mombasa, na wengine wakafika Yemeni na Uingereza. Kule Uingereza ulizuka mkasa ambao mtu angeudhani ni wa kubuni. Mkimbizi akisema yeye ni Mbajuni wa visiwani, maofisa wa uhamiaji walimtaka athibitishe: aseme Kibajuni, ataje visiwa, aeleze maisha ya huko. Sauti yake ilirekodiwa ikapelekwa kwa wachambuzi wa lugha. Aliyelelewa Mombasa au kambini, ambaye Kibajuni chake kilikwisha changanyika na Kiswahili cha mjini, alikuwa taabani. Hapo ndipo ninapomkatalia anayesema sanaa ni starehe ya walioshiba. Kuna watu ambao kujua jina la kamba fulani ya tanga, au jinsi mkeka unavyoungwa, kuliwahi kuwa miongoni mwa mambo yaliyotazamwa wakati hatima yao inaamuliwa.

Tuutazame basi huo mkeka. Majani machanga ya mkoma hukatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa juani mpaka ukijani ukatoka, kisha yakachanwa yawe miyaa ya upana mmoja. Sehemu yake hutiwa rangi katika sufuria inayotokota. Baada ya hapo huanza ukili, utepe mrefu mwembamba unaosukwa huku msusi akizungumza na jirani, akichungulia chungu jikoni, akimkemea mjukuu. Ukili ukirefuka hukunjwa bumba, ukawekwa pembeni, ukaanzwa mwingine. Mwishoni huungwa ukingo kwa ukingo, na hapo ndipo fundi hujulikana. Nakshi iliyoanza katika ukili wa kwanza lazima ikutane na mwenzake katika wa pili. Hesabu ikipotea mahali pamoja tu, ua lililokusudiwa huwa kovu, na kovu hilo litaonekana kila siku ya harusi na kila siku ya matanga mpaka mkeka uchakae. Miyaa ikikauka mno hukatika, kwa hiyo hunyunyizwa maji, na kwa hiyo pia hewa ya kusi yenye unyevu humfaa msusi kuliko jua kali la kaskazi.

Kila hatua ina umri wake. Mdogo kabisa hupanga miyaa, mirefu huku mifupi kule. Aliyemzidi kidogo husuka ukili mweupe usio na rangi. Rangi hupewa aliyeonesha subira, na kuunga ni kazi ya wakubwa. Bibi ambaye macho yamepungua nuru huukagua ukili kwa vidole, na huligundua kosa ambalo mwenye macho mazima hakuliona. Mafunzo yenyewe hayana hotuba. Mtoto akikosea, ukili hufumuliwa mpaka pale alipokosea, akarudishiwa mkononi. Wataalamu wa elimu wa siku hizi hulipia semina nzima kuambiwa kwamba watu wa rika mbalimbali hujifunza vizuri wakiwa pamoja.

Lema nalo, dema kwa watu wa Unguja, lina darasa lake. Fito zilizopasuliwa husukwa kwa matundu ya pembe sita, kisha mlango wake hufanywa kama faneli inayoelekea ndani, samaki aingie kwa wepesi asione njia ya kutoka. Tundu likiwa dogo mno, mtego huua hata vitoto vya samaki, na msimu ujao mwambani hapana kitu. Kwa hiyo mwanafunzi wa lema anafundishwa umbo na uzuri, na papo hapo anafundishwa uhifadhi wa bahari bila ya kuonyeshwa chati hata moja. Yako mambo ya zamani ambayo hayafai kurudishwa majini. Wabajuni walikuwa wakimfunga kamba samaki aitwaye chazo, wakamwachia, akaenda kujibandika kwenye gamba la kasa, nao wakavuta taratibu mpaka kasa akafika chomboni. Kasa leo analindwa, na ni haki alindwe. Kisa cha chazo kichorwe ukutani na kisimuliwe na aliyekiona kwa macho.

Kuhusu vyombo, tunajua gharama ya kuchelewa. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, chenye tanga la mkeka na macho yaliyochorwa omoni, kilikuwa fahari ya pwani hii na ya visiwa vya Lamu. Karne ya 20 haikwenda mbali kabla hakijatoweka baharini. Ilipofika miaka ya mwanzo ya 2000, Zanzibar ikaunda mtepe mpya kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, na mafundi ikawabidi kufufua kwa picha, vielelezo na kumbukumbu kazi ambayo zamani kijana aliijua kwa kushika tu kamba upande wa pili wa ubao. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jengo hilo ikaporomoka. Makumbusho ni kitu chema, ila ujuzi uliohifadhiwa mahali pamoja huwa na paa moja.

Mashua za leo zina misumari na nyingi zina injini, lakini bado hutiwa kalafati. Pamba hupakwa mafuta, ikashindiliwa katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, na fundi husikiliza: sauti ikibadilika anajua pamba imekaa. Kisha tumbo la chombo hupakwa deheni. Kazi hiyo hufanywa chombo kikiwa nchi kavu, ndiyo kusema kusi. Karakana ipo tayari pwani na mwalimu yupo. Anayekosekana ni mwanafunzi, kwa kuwa kijana ameambiwa kwamba elimu ni ile inayopatikana ndani ya chumba chenye dawati. Lamu wamejaribu njia nyingine: mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, likavishwa kandambili za rangi zote, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Tezo na hesabu ya mataruma ni zile zile za babu. Mali ghafi ndiyo iliyokuwa mpya.

Hizo kandambili zina kisa kingine, na hicho kinanikera. Katika hifadhi ya bahari ya Kiunga, nchi ya Wabajuni upande wa Kenya, watoto walikuwa wakiziokota ufukweni na kuzichonga vitu vya kuchezea. Miaka ya mwisho ya 1990 wanawake wa huko wakaanza kusaidiwa kuzigeuza bidhaa. Biashara ikakua, ikapata jina, vinyago vya simba na twiga vya rangi vikauzwa duniani kote, na karakana kubwa ikawa Nairobi. Simlaumu mtu aliyefuata soko. Ninachosema ni kwamba wazo lililozaliwa mikononi mwa watoto wa ufukweni halikukuta mahali pa kukaa kule ufukweni: chumba, mwalimu, daftari la hesabu, mlango unaofunguliwa kila siku. Likahama kama wanavyohama wenyewe.

Wapo watakaouliza usalama uko wapi. Swali ni la haki. Al-Shabaab waliushika mji wa Kismayo kutoka 2008 hadi 2012, na hata baada ya kuondolewa, Julai 2019 walishambulia hoteli ya Asasey wakaua watu wasiopungua 26. Miongoni mwao alikuwa Hodan Nalayeh, mwandishi wa habari Msomali-Mkanada aliyerudi kuonyesha sura ya Somalia isiyoonyeshwa na wengine. Siku chache kabla ya kuuawa alikuwa akisambaza picha za wavuvi wa kisiwa cha Ilisi, karibu na Kismayo. Hatari ni ya kweli, na asitokee mtu wa kuandika pendekezo akijifanya haipo. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki jumba kubwa lenye geti na bendera za wafadhili. Darasa la ukili katika ua wa nyumba, karakana chini ya mwembe au banda la makuti pwani, huonekana kama maisha ya kawaida kwa kuwa ndiyo maisha ya kawaida.

Kuna pia watakaosema sanaa inaleta masanamu na fitina ya dini. Hawa wanastahili jibu la heshima, na jibu lipo jirani. Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, ulikuwa na waandishi walionakili misahafu katika karne ya 18 na ya 19 na kuipamba pambizo kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, kazi ya kumfanya mtu anyamaze. Milango ya Lamu ina nakshi za majani na maua. Sanaa kubwa ya pwani hii imekaa mlangoni, msikitini, kaburini na juu ya msala wa kuswalia. Mwalimu wa chuo cha Kurani anayefundisha watoto khati ni mwalimu wa sanaa, na ningependa jina lake liwe la kwanza kwenye orodha ya watakaoalikwa.

Somalia yenyewe imewahi kufanya jambo la namna hii, kwa ukubwa ambao leo hauaminiki. Mwaka 1972 lugha ya Kisomali ilipewa rasmi hati ya Kilatini, na mwaka 1974 shule za sekondari zikafungwa, maelfu ya wanafunzi na walimu wakapelekwa vijijini na malishoni kufundisha watu kusoma na kuandika. Mzee alifundishwa na mtoto. Somo lilifuata watu mahali walipo. Naikumbusha kampeni hiyo kwa kuistahi, ingawa haikumfaa kila mtu sawasawa. Lugha iliyofundishwa ilikuwa moja, na mtoto wa Chula aliyeota akisema Kibajuni aliambiwa, bila ya mtu kutamka, kwamba lugha ya nyumbani ibaki nyumbani. Katiba ya Muda ya 2012, katika Ibara ya 31, inaitaka serikali ikuze tamaduni na lahaja za jamii ndogo. Tumekwisha zoea kuona siasa ikifuata hesabu ya 4.5 iliyowekwa tangu mkutano wa amani wa Wasomali uliofanyika Arta mwaka 2000: koo nne kubwa kila moja fungu lake, na wengine wote, Wabajuni wakiwemo, wagawane ile nusu. Darasa la ususi halitaibadilisha hesabu hiyo bungeni. Lakini Ibara ya 31 haihitaji kura ya ukoo wowote ili itekelezwe. Inahitaji bajeti ndogo na mtu wa kuidai.

Sasa kujenga. Dar es Salaam ilikuwa na Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa 1972, ambamo msanii George Lilanga alipata nafasi ya kuwa Lilanga. Jengo lake halipo tena. Zanzibar chuo cha muziki cha nchi za jahazi kimefundisha taarab, ngoma na ala za kila namna tangu 2002, kwa watoto, vijana na watu wazima, na mwaka 2019 kilikaribia kufungwa kwa sababu fedha za wafadhili zilikatika. Hargeysa walikwenda kinyume: maonesho ya vitabu yalianza 2008, yakarudi kila mwaka, watu wakazoea, na kituo cha utamaduni kikafunguliwa 2014 kikiwa tayari na watu wa kukijaza. Sasa kina maktaba, madarasa na maelfu ya kanda za nyimbo za zamani. Mogadishu nako, tangu 2020, kuna taasisi ya sanaa iliyoanzishwa na Sagal Ali inayoonyesha kazi za wapiga picha na wachoraji. Somo ninalolichukua kwa hawa ni la fedha kuliko la ubunifu: shilingi ya kwanza iende kwa mwalimu, ya pili kwa vifaa, na tofali lisubiri.

Na mwalimu alipwe kwa jina hilo. Bibi anayejua mishono ya mikeka ambayo wengine wameisahau asipewe soda na nauli akaitwa “mshiriki”, huku kijana aliyetoka mji mkuu na kompyuta akiitwa “mtaalamu”. Fundi wa kalafati akichukua wanafunzi watano kwa kusi nzima, apewe ujira wa kusi nzima, kwa sababu mwanafunzi humpunguzia mwendo wa kazi. Wanafunzi watu wazima watoe ada ndogo, hata ya samaki, ili kituo kisiwe cha mtu mmoja wa ng’ambo. Watu wa Koyama na Chovai hawatafika Kismayo kwa urahisi wakati bahari imechafuka, kwa hiyo mwalimu avuke mapema, kabla kusi haijakomaa, akae kisiwani msimu mzima kama walivyokuwa wakikaa walimu wa chuo.

Kaskazi kituo kisilale. Wanaume wako baharini, lakini jioni zina watoto, na mwisho wa kaskazi, kabla ya mvua za mwaka, ndio wakati wa vave, nyimbo za wakulima wa Kibajuni zinazoimbwa usiku wa kuamkia kuchomwa moto kwa shamba lililofyekwa. Zirekodiwe hapo hapo, na wenye kuziimba wabaki na nakala. Wazee wanaozijua hawapo Kismayo peke yake. Wapo Mombasa, wapo Kizingitini, wapo mitaa ya London, na simu zao zina kinasa sauti.

Limebaki suala moja ambalo nimesikia likileta ukali: nani aingie. Wako Wabajuni wanaotaka kituo kiwe chao tu, baada ya yote waliyonyang’anywa, na ninaelewa uchungu huo. Hata hivyo mtoto wa Kisomali aliyezaliwa Kismayo anakula samaki wa lema lile lile, na akikua bila kujua limetengenezwaje, ndiye atakayekuja kulivunja mwambani kwa nanga. Aingie. Usajili usiulize ukoo. Uongozi wa kituo ndio uwe na Wabajuni wengi, iandikwe hivyo katika hati ya kwanza kabisa, maana visiwani watu wamekwisha ona ahadi za mdomo zinavyokwenda. Na lugha ya darasa iwe ya mwenye kufundisha: bibi aseme Kibajuni chake, na asiyekielewa aketi karibu na mwenzake anayekielewa.